Kufunga splinti ya jino lililolegea au kung'oka kwa ajali: mwongozo kamili kwa tulioko kliniki ndogo

Maswali ninayopata kuhusu splinti, yaani waya au uzi unaogandishwa kwenye meno ili kulishikilia lililoumia, ni yaleyale. Imebanduka siku ya tatu. Mgonjwa karudi fizi zimevimba. Jino limekaa mwezi na nusu kwenye waya na sasa hivi halichezi kabisa, limegandana na mfupa. Kwahiyo leo naandika mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, kwa madaktari na matabibu wa meno walio kwenye vituo vya wilaya na kliniki za mtaani ambako bodaboda, mpira na ngazi za shule zinatuletea kazi kila wiki. Kama wewe sio mtu wa meno, soma Hatua ya 3 na ya 10, hizo zinakuhusu, zingine zinataka kiti, taa na mikono iliyofundishwa.

Jambo moja tukubaliane kwanza. Splinti ya jino haitakiwi kuwa ngumu kama zege. Inatakiwa ilishike jino pale lilipo huku ikiliruhusu kucheza kidogo sana mtu anapong'ata, kwa sababu nyuzi zinazoshikilia mzizi kwenye mfupa zinapona vizuri zikipata mtikisiko mdogo. Ukizifunga kabisa, na kwa muda mrefu, unalipatia jino nafasi ya kugandana na mfupa na mfupa ukaanza kuula mzizi.

## Andaa hivi kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti

Usianze kutafuta koleo wakati jino liko mkononi. Weka kila kitu kwenye trei:

- Waya wa stenlesi laini, unene usiozidi milimita 0.4. Ule wa kufungia taya unafaa kama ni 0.4, wa 0.5 uache, ni mgumu mno kwa kazi hii.
- Au mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, milimita 0.13 hadi 0.25. Sio utani, ni kifaa kinachokubalika kwenye miongozo ya kimataifa ya majeraha ya meno, na kuanzia Mwanza hadi pwani nzima unauzwa kwa bei ya chai. Uoshe, ufute kwa spiriti, uweke kwenye bahasha safi.
- Kompositi ya kawaida (ile dawa ya kuzibia meno yenye rangi ya jino), na kama unayo ile ya majimaji pia. Angalia tarehe ya mwisho, maana ikikaa kwenye stoo yenye joto inakuwa kavu na haishiki.
- Asidi ya fosforiki 37% na bondi (gundi ya kushikisha kompositi kwenye jino).
- Taa ya kugandishia, IMECHAJIWA. Umeme ukikatika katikati ya kazi na taa yako inategemea waya wa ukutani, umekwisha.
- Pamba za roli, gozi nyingi, sakshini inayovuta kweli, kivuta mdomo.
- Selaini ya dripu na bomba la sindano kwa kuosha.
- Ganzi, kibano, koleo la kukatia waya, sindano ya kuchunguzia, karatasi ya kung'ata ya kuonyesha meno yanapogusana.
- Eksirei. Kama huna, ujue ni wapi jirani utaipata siku hiyohiyo.

Ile bati ya kufungia taya iliyovunjika, yenye vindoano, usiitumie kwa jino lililolegea. Naona watu wanaiweka kwa sababu ipo kabatini. Ni ngumu, inaumiza fizi, inashika uchafu, na ukiikaza inaweza kulivuta jino likatoka zaidi.

## Hatua ya 1: Mwangalie mtu kabla ya jino

Alizimia? Anatapika? Hakumbuki kilichotokea? Huyo anaenda kwa daktari wa dharura kwanza, jino litasubiri. Muulize pia sindano ya pepopunda, hasa kama ameanguka kwenye udongo.

Hesabu meno na vipande. Kipande ambacho hakionekani kinaweza kuwa ndani ya mdomo wa chini uliochanika, upapase na upige picha ya mdomo kabla hujashona. Na jino zima likikosekana, mtu akiwa anakohoa au alipoteza fahamu, fikiria kifua pia.

Alafu uliza: hili ni jino la utoto au la ukubwani? Mtoto wa miaka 3 aliyeng'oka jino, usilirudishe. Jino la utoto lililong'oka halirudishwi hata siku moja, unaweza kuumiza la ukubwani linalosubiri juu yake. Mweleze mzazi vizuri maana atakuja nalo kwenye kitambaa akitegemea lipachikwe.

## Hatua ya 2: Jua ni jeraha gani, maana ndilo linaloamua kila kitu

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wanaona jino linacheza, wanafunga waya, wiki nne kwa kila mtu. Hapana. Shika jino kwa vidole viwili, litikise taratibu, ligonge kidogo kwa mpini wa kioo, alafu usikilize.

Limegongwa tu, linauma likiguswa lakini halichezi wala halijahama. Splinti haihitajiki. Chakula laini, umwone tena baadae.

Linacheza lakini lipo mahali pake, labda damu kidogo kwenye fizi. Splinti ni pale tu linapocheza sana au mgonjwa hawezi kung'ata. Wiki 2.

Limeshuka, linaonekana refu kuliko mwenzake na linacheza. Lirudishe, funga wiki 2. Kama mfupa wa pembeni umevunjika, ongeza wiki 4.

Limelala upande, mara nyingi taji limeingia kwa ndani kwenye kaakaa, na cha ajabu halichezi. Ukiligonga linatoa mlio mkali wa chuma. Hilo mzizi wake umetoboa ukuta wa mfupa na kukwama. Usidanganyike kwamba liko imara. Lirudishe, funga wiki 4.

Limezama ndani ya mfupa. Hili kama mzizi haujakomaa mara nyingi linaachwa lishuke lenyewe, na la mtu mzima lililozama sana linahitaji kuvutwa. Likisharudishwa, wiki 4. Kama hujawahi kulifanya, tuma rufaa.

Mzizi umevunjika. Bila picha huwezi kujua. Kipande cha juu kikihama kirudishe, funga wiki 4, isipokuwa mvunjiko uko karibu na shingo ya jino, hapo inaweza kufika miezi 4.

Ukitikisa jino moja yanatembea mawili au matatu kwa pamoja. Huo ni mfupa wa meno umevunjika, sio meno yenyewe. Rudisha kipande chote, funga wiki 4.

Limetoka lote. Wiki 2. Mfupa ukiwa umevunjika pia, wiki 4.

Picha: piga moja ya kawaida iliyonyooka, mbili zenye pembe tofauti na moja ya kung'ata. Najua vituoni tunapiga moja tu kwa sababu filamu hazitoshi, lakini mvunjiko wa mzizi unajificha kirahisi kwenye picha moja, na hapo utafunga wiki 2 kitu kilichotaka miezi 4.

## Hatua ya 3: Jino lililotoka nje, na ile simu ya mzazi

Mara nyingi unapigiwa kabla hujamwona mgonjwa. Simu hiyo inaamua zaidi kuliko mikono yako, kwahiyo jifunze kuisema kwa maneno machache:

"Mama, tulia. Lishike jino kwenye sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga lisuuze kidogo kwa maziwa au mate yake mwenyewe, usilisugue. Lirudishe kwenye shimo lake, upande wa mbele uangalie mbele, mwambie ang'ate leso, mje sasa hivi."

"Daktari, naogopa, siwezi kabisa."

"Sawa mama, basi litie kwenye maziwa baridi. Kikombe chochote. Ila uje sasa, usisubiri baba yake arudi."

Maziwa fresh ya ng'ombe yaliyopoa au ya pakiti, sio mtindi, sio ya moto. Kama hamna maziwa, mtoto ateme mate kwenye chombo litiwe humo. Selaini pia inafaa. Maji ya bomba ni mabaya kwa zile seli za mzizi lakini bado ni afadhali kuliko kukauka. Adui mkubwa ni karatasi ya chooni mfukoni, ndiyo watu wengi wanaleta, jino limekauka kama jiwe.

Ndani ya dakika 15 likirudishwa pale palipotokea ajali, matumaini ni mazuri kabisa. Likikaa kavu dakika 60, seli za mzizi zinahesabika zimekufa. Bado utalirudisha, maana linatunza nafasi, mfupa na sura ya mtoto, ila useme wazi mapema kwamba huenda litagandana na mfupa na kuliwa taratibu kwa miaka. Mzazi akiambiwa siku ya kwanza ataelewa. Akiambiwa mwaka wa pili atasema umeharibu.

## Hatua ya 4: Ganzi, osha, rudisha

Piga ganzi. Kama mzazi ameshalirudisha na limekaa sawa, liache hapohapo, usilitoe ili "kusafisha vizuri".

Likiwa bado nje, lioshe kwa selaini huku umelishika taji. Osha shimo kwa selaini, toa bonge la damu. Pitisha kifaa ndani kuona kama ukuta wa mfupa umeporomoka, kama umeporomoka usukume nje kwanza. Alafu ingiza jino kwa kidole, pole pole. Likigoma usilazimishe, toa, angalia tena shimo.

Jino lililolala upande lina ujanja wake. Weka kidole juu kwenye fizi upande wa mdomo, utasikia kinundu, hicho ndicho kichwa cha mzizi kilichotoboa. Kwa meno ya juu, sukuma kinundu kuelekea chini kwanza mpaka kifunguke, alafu kidole gumba kwa ndani kisukume taji kwenda mbele. Ukifanya kinyume, yaani ukaanza na taji, unazidi kukikwamisha.

*Utajuaje limekaa:* utasikia "tk" ndogo chini ya kidole, ule mlio wa chuma unapotea, na mgonjwa akifunga mdomo meno ya nyuma yanakutana kama zamani. Mwulize mwenyewe, "unang'ata kama kawaida yako?" Mtu anajua mdomo wake. Piga picha kuhakikisha kabla ya gundi, ukiweza.

Fizi iliyochanika, hasa shingoni mwa jino, ishone sasa. Faida ya pili utaiona Hatua ya 6 na ya 7: fizi iliyoshonwa haimwagi damu kwenye asidi yako.

## Hatua ya 5: Kata waya na uupinde mpaka ukae wenyewe

Waya uguse jino lililoumia na jino moja zima kila upande. Hiyo inatosha. Kufunga meno sita kwa ajili ya moja ni kuongeza ugumu na sehemu za kusafisha bure.

Mtihani ni huu: laza waya juu ya meno, achia kidole. Ukibaki umelala, sawa. Ukiruka au ncha moja ikinyanyuka, upinde tena. Waya unaolazimishwa kwa kidole alafu ukagandishwa unabaki na nguvu ndani yake, na nguvu hiyo italisukuma jino usiku na mchana kama waya wa kunyooshea meno, ila hili jino halina mshikio wa kustahimili. Mtu anarudi baada ya siku nne jino limetoka mbele na anasema splinti mbovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi usiyoitaka.

Ndio sababu binafsi napenda mshipi kwa anayeanza. Nailoni haina nguvu ya kurudi, haiwezi kusukuma kitu. Ubaya wake inateleza, inabidi msaidizi aushike umenyooka bila kuuvuta.

Watoto wa miaka 7 hadi 9 wana shida yao. Jino la kati limeumia na la pembeni yake halijaota, kuna pengo. Hapo unapeleka waya mrefu mpaka kwenye chonge la utoto, lakini litikise kwanza maana nalo linaweza kuwa linakaribia kung'oka lenyewe, ukafunga mgonjwa kwa mgonjwa. Likicheza, endelea nyuma zaidi kwenye magego ya utoto.

Wapi pa kuweka: meno ya juu, upande wa mdomo, ili usiguse yanapokutana na ya chini na pia ubaki na njia ya kufungua jino kwa nyuma wakati wa ruti kanali (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi). Meno ya chini cheki kwanza, kama ya juu yanayagonga kwa mbele hamishia upande wa ulimi.

## Hatua ya 6: Kausha. Kausha tena.

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Splinti nyingi zinazobanduka hazikushindwa kwa sababu ya kompositi wala chapa ya bondi, zilishindwa kwa sababu ya tone la damu ambalo daktari aliliona na akasema "itakaa tu."

Kivuta mdomo kwanza. Pamba za roli juu ya fizi pande zote, na chini ya ulimi. Sakshini ikae mdomoni muda wote, sio kuingia na kutoka. Fizi ikitoa damu, kunja gozi, ibane kwa kidole dakika tatu nne bila kuchungulia chungulia, na ganzi yenye adrenalini kidogo kwenye fizi inasaidia sana. Mtoto akilia mate na machozi yanashuka pamoja, kwahiyo mzazi ashike kichwa na umweleze mtoto kila unachofanya, ukishindana naye kwa nguvu utakauka wewe sio jino.

Futa utando wa uchafu kwenye meno kwa gozi yenye maji. Watu wanasahau kwamba gundi haishiki kwenye uchafu wa asubuhi. Jino lililoumia usilisugue kwa brashi ya mashine, lifute kwa mkono.

## Hatua ya 7: Asidi na bondi

Asidi katikati ya uso wa jino, sekunde 30. Katikati, sio karibu na fizi na sio kwenye nafasi kati ya meno. Osha, kausha.

*Utajuaje:* sehemu hiyo inakuwa nyeupe ya chaki isiyong'aa. Usipouona weupe huo usiendelee. Mate yakigusa baada ya hapo, hata kidogo, osha, kausha, rudia asidi sekunde 10. Najua inaudhi. Fanya.

Bondi nyembamba, puliza, taa sekunde 20 au kama chupa inavyosema.

## Hatua ya 8: Bandika, majirani kwanza

Mpangilio huu una maana, usiubadilishe.

Weka tone la kompositi kwenye meno mazima ya pembeni, lalisha waya, funika kwa kompositi kidogo, piga taa. Sasa waya umeshikwa ncha zote na jino lililoumia bado liko huru. Likague tena: limekaa sawa na mwenzake? Mwambie mgonjwa ang'ate taratibu. Kama limeshuka kidogo wakati unahangaika, na mara nyingi linashuka, lisukume juu kwa kidole.

Ndipo unaliweka tone lake, huku msaidizi amelishika kwa kidole, unapiga taa.

Kukiwa na uwazi kati ya waya na jino, jaza kwa kompositi. Usiubonyeze waya ufike kwenye jino, utarudisha ile nguvu ya Hatua ya 5.

Kila tone milimita 3 hadi 4, sio zaidi. Linapopanda kwenye fizi au kuziba nafasi kati ya meno, mswaki haupiti, fizi inavimba ndani ya siku chache, na fizi iliyovimba ndiyo kitu cha mwisho unachotaka karibu na mzizi unaopona. Ncha za waya zifunike kabisa, zisibaki zikimchoma mdomo.

Kama huna kompositi, umeme umekufa na taa imeisha chaji? Gundi ya glasi ayonoma inaweza kushika kwa muda mfupi, haishiki vizuri, na uzi wa kushonea uliopitishwa juu ya ncha ya jino kutoka fizi ya mbele kwenda ya nyuma unaweza kulituliza mpaka afike kwenye kituo kikubwa. Huo ni msaada wa safari tu.

## Hatua ya 9: Kagua kabla hajashuka kwenye kiti

Weka kidole kwenye jino, sukuma kidogo sana. Linatakiwa lisogee kidogo mno, kiasi cha kuhisi. Likiwa halisogei kabisa, umeweka kompositi nyingi au waya mnene. Likiwa linayumba, tone moja halijashika, litafute kwa sindano ya kuchunguzia, litoe, anza asidi upya kwenye jino hilo tu.

Karatasi ya kung'ata: splinti isiguswe na meno ya upande wa pili. Pitisha kidole juu ya kompositi uone kama inakwaruza.

Andika tarehe ya KUTOA kwenye faili na kwenye karatasi ya mgonjwa. Na namba ya simu. Nitarudi hapa.

## Hatua ya 10: Maelezo ya nyumbani

Mwambie mgonjwa na mzazi, na umwandikie:

Chakula laini hadi wiki 2: uji, mtori, ndizi au viazi vilivyopondwa, wali uliolegea na mchuzi. Miwa, mahindi ya kuchoma, mishkaki na kung'ata embe kwa meno ya mbele viache kabisa.

Mswaki laini, kila baada ya kula. Watu wanaogopa kupiga mswaki kwa sababu "nitalitoa", alafu wanarudi na fizi zinanuka. Apige mswaki. Asukutue kwa klorheksidini 0.12% mara mbili kwa siku, wiki 2.

Hamna mpira, hamna mieleka na kaka zake.

Dawa: jino lililotoka nje likarudishwa linapewa antibayotiki, amoksisilini kwa uzito ndio chaguo la kwanza. Majeraha mengine ya kulegea hayahitaji antibayotiki kila mara, usigawe kama pipi. Maumivu, parasetamoli inatosha kwa wengi.

Arudi hima akiona splinti imebanduka upande mmoja, jino limebadilika mahali, usaha au uvimbe. Asilitengeneze na supa glu. Ndiyo, inatokea.

## Hatua ya 11: Ruti kanali isichelewe

Jino la ukubwani lililokomaa mzizi, likatoka lote na kurudishwa, kiini chake hakitafufuka. Anza ruti kanali ndani ya wiki 2, na ni rahisi zaidi kuifungua wakati splinti bado imelishika. Ukisubiri lianze kuuma, sumu ya kiini kilichooza itakuwa imeshaanza kuula mzizi, na huo unakwenda kasi, suala la wiki.

Mtoto ambaye ncha ya mzizi bado iko wazi ni kesi nyingine, kiini chake kinaweza kupata damu tena. Huyo unamfuatilia kwa karibu na picha, unafungua tu ukiona dalili.

Kwa meno yaliyolegea bila kutoka, usikimbilie kufungua kwa sababu tu halikusikia baridi. Jino lililogongwa linaweza kukaa kimya hadi miezi 3 na baadae likaamka. Tafuta dalili ya pili: rangi inabadilika, uvimbe, kivuli kwenye picha.

## Hatua ya 12: Kutoa

Hapa ndipo ile tarehe na namba ya simu inapofanya kazi. Mgonjwa asiyeumwa harudi. Jino limetulia, nauli ni ghali, mama ana biashara sokoni, basi splinti ya wiki 2 inakuwa ya miezi. Piga simu. Dakika moja ya simu inaokoa mzizi.

Kata waya kati ya meno kwanza, ili kila jino lijitegemee. Saga kompositi kwa kichwa cha kabaidi cha kumalizia, huku kidole cha mkono mwingine kimelishika jino kwa nyuma wakati wote. Ukifika safu nyembamba punguza mwendo, maana kompositi ikilowa inafanana na jino na utajikuta unasaga jino. Ikaushe, tofauti inaonekana. Usiikwanyue kwa koleo, hasa kwenye jino lililoumia.

*Utajuaje imefanikiwa:* jino linacheza kidogo tu au kawaida, halina ule mlio wa chuma, fizi ya rangi yake, halina mfuko wa usaha. Likiwa bado linayumba sana, piga picha kwanza. Huenda kulikuwa na mvunjiko wa mzizi au mfupa uliofichika, na hapo kuna sababu ya kulifunga tena. Usilifunge tena bila sababu.

Baada ya hapo picha na ukaguzi: wiki 4, miezi 3, miezi 6, mwaka, alafu kila mwaka angalau miaka 5 kwa yale yaliyotoka nje. Ukigonga ukasikia mlio wa chuma umerudi, na kwa mtoto anayekua jino linaanza kuonekana fupi kuliko mwenzake, limegandana. Huyo apelekwe kwa bingwa mapema, kuna mambo ya kufanya kabla taya halijakua zaidi.

## Na yale yanayolegea kwa ugonjwa wa fizi?

Naulizwa sana, hasa na watu wazima: "daktari nifungie tu haya ya chini yanacheza." Hiyo ni kazi nyingine. Hapo unafunga kwa muda mrefu, kwa nyuzi za faiba au waya upande wa ulimi, lakini *baada* ya kusafisha ugaga chini ya fizi na kuona fizi zimetulia, na kwa sababu moja tu, kwamba kucheza kwa jino kunamsumbua mtu kula au kunaendelea kuongezeka. Splinti haitibu fizi. Ukifunga juu ya ugaga unapata safu ya meno iliyotulia kwa juu huku mfupa unaendelea kuondoka chini, na siku yanatoka yanatoka yote na waya wake. Meno mengi ukiyasafisha vizuri na kuondoa pale yanapogongana vibaya yanapunguza kucheza yenyewe, kwahiyo safisha, subiri wiki kadhaa, yatikise tena, ndipo uamue kama kuna haja ya kufungua kompositi.